Kijiko cha Babu Chini ya Barafu

Mshauri mpendwa,

Kwanza ahsante, maana ni kwenye ukurasa wako nilikojifunza kutembea kimya juu ya barafu, na sasa nakuja na shida ambayo nashindwa kumweleza mtu wa nyumbani. Naishi na babu yangu, Oiva, kando ya ziwa, na tangu mkono wake wa kulia ulegee kwa kiharusi hajakanyaga barafu, yeye aliyenifundisha kutoboa tundu na kusubiri samaki, lakini majuzi alinikabidhi chambo alichokitengeneza kwa mkono wa kushoto, amekigonga kutoka kwenye kijiko cha kahawa cha marehemu bibi, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akasema, "Haya, mjukuu wangu, mashindano ya uvuvi ya Jumapili ni yako. Sangara wakikikataa hiki, basi mimi na nyundo tumeachana." Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anasema kweli.

Shida ni kwamba kijiko hakishiki. Nimekijaribu kila siku baada ya shule, kwenye ghuba iliyo mbele ya dirisha letu, nikakichezesha juu na chini, na nikilala kifudifudi na kuchungulia tunduni nawaona sangara wanakuja, wanakitazama, wanageuka. Shangazi Marketta, anayefundisha watoto wa klabu ya uvuvi, alinikuta nimelala hivyo akasema, "Wee Sohvi, hiyo ni nanga, si chambo! Katikati ya majira ya baridi samaki wamezubaa, hawataki kitu kikubwa kuliko jicho lao." Akanipa ndoano yake ndogo yenye kichwa cha shaba na shanga nyekundu, nikaichomeka funza, nikaitikisa kidogo tu, na hapo hapo nikavuta sangara.

Namshukuru sana shangazi, lakini nikiitumia Jumapili babu atajua, kwani kila samaki ninayemleta humfungua mdomo kuangalia ndoano ilipita wapi, kabla hata ya kuniuliza kama nina baridi. Nikitumia kijiko nitarudi mikono mitupu, naye ataweka nyundo chini kabisa. Niende na kipi?

Wako mwenye shukrani na matumaini,
Sohvi, darasa la saba

*

Sohvi mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikikoroga kahawa, nikakitazama kijiko changu kwa jicho jingine. Una babu wa kuringia. Lakini acha nikukaripie kidogo. Nani kakuambia kwamba mtu aliyegonga chuma kwa mkono mmoja hawezi kustahimili kusikia kuwa samaki wamegeuka? Unamficha habari ambayo kila fundi huitafuta.

Halafu soma tena ulichoandika. Sangara wanakuja! Hawafuati uso wako tunduni, mwanangu, wanafuata mng'ao wa kijiko. Kazi ya kuwaita imefanyika, iliyobaki ni kuwalisha. Shangazi yako yuko sahihi kuhusu midomo ya samaki, ila kwenye nanga amekosea.

Basi leo weka kijiko mezani, mwambie, "Wanakuja, babu, lakini hawaumi." Kisha unyamaze. Nadhani atakwambia mng'oe ile ndoano kubwa ya kijiko, mfunge uzi mfupi kama kidole chini ya kijiko, na mwishoni mwake ining'inie ndoano ndogo ya shangazi pamoja na funza. Asipofika huko mwenyewe, muulize kama inawezekana. Fundo likimsumbua, mshikie uzi, lakini kukaza akaze yeye. Na ukiwa barafuni, inua kijiko mara moja kiite, halafu kiache kitulie kabisa. Wewe unakitikisa mno, na hilo si kosa la babu.

Jumapili usimwache dirishani. Sleji ya kiti, ile ya kusukuma kwa mguu, mnayo. Hakuna nyumba ya kando ya ziwa isiyonayo. Mkalishe, mfunike ngozi ya kondoo, msukume mpaka kwenye tundu lako. Ushindi sikuahidi. Ila samaki wa kwanza akitoka, usimwangalie mdomo wewe. Mpe babu amfungue.