Nilimpeleka kwa kungwi

Jumatano, baada ya Isha

Bado uso unaniwaka. Miaka tisa ya ushauri nasaha hapa Dunda, cheti kiko ukutani, na leo mteja ndiye aliyenifundisha kazi.

Ni yule Mwanahawa wa Mlingotini. Mwezi uliopita aliniambia hajawahi kumtamani mtu kimwili, mwanamume wala mwanamke. Haumwi, na hakuna aliyemdhuru. Anampenda mchumba wake kwa dhati, kitanda tu ndicho hakitaki. Nami, badala ya kumsikiliza, nikampeleka kwa shangazi yangu Bi Tatu, kungwi aliyefunda nusu ya wanawake wa mji huu, amfunde upya. Tena nikajiona mwerevu!

Leo karudi. Akaniamkia kama kawaida, akakaa, kisha akasema taratibu, "Dada, nilikwambia sitamani. Sikukwambia sijui."

Kisha akanieleza yaliyofuata.

Kumbe shangazi hakuishia kumfunda. Alimfikishia mama yake habari, na sasa mama anatafuta shehe wa kumsomea, eti binti ana jini mahaba.

Nimemwomba radhi. Nimemwambia hana ugonjwa, wapo wengine kama yeye. Ndipo nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile ya kwanza, kwamba anataka nimsaidie nini. Alitaka maneno tu, ya kumweleza mchumba wake kabla ya ndoa.

Kwao ana shangazi wanne. Alipanda bodaboda hadi kwangu kwa sababu mimi si shangazi yake.

Nami nikamtafutia wa tano.