Sukari ya Upadrisho

Jumanne, 5 Aprili 1983
Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda parokiani kupima uwanja. Turubai nne. Kamati walisema mbili. Hawajui kitu. Harusi kubwa zote za Babati nimesimamia mimi Gwandu, na hakuna mgeni aliyerudi kwao na njaa.
Hii ya sasa inazizidi zote. Shemasi Desideri wa Sigino anapewa upadre. Baba Askofu atakuja. Watu watashuka kutoka Mbulu kwa malori, wa Hanang watakuja kwa miguu. Tenda yote ni yangu: nyama, wali, masufuria, kuni, na chai ya sukari kwa kila mtu.
Mwalimu Akonaay, mwenyekiti wa kamati, ameniletea tena mkataba wa taipu niweke sahihi. Nimekataa tena. Tulishikana mikono mbele ya Paroko, yatosha. Nikisema ndiyo ni ndiyo. Halafu maneno yake ni marefu mno.
Sukari ninayo. Magunia chumbani, juu nimefunika ngozi za ng'ombe. Kamati nzima imehangaika haikupata hata kilo. Mimi nimetoa madume wawili wa ng'ombe kwa dereva wa lori, nimepata. Gwandu huyo.

Ijumaa, 8 Aprili
Nimesikiliza redio kwa Balozi wetu wa nyumba kumi. Wahujumu uchumi wanasakwa. Mwenye mali bila risiti ni mhujumu. Watu walijaa, hakuna aliyecheka.
Risiti sina. Dereva alikuwa na haraka.
Siogopi. Nimeona nzige, nimeona njaa. Lakini ugali sikuumaliza.

Jumapili, 10 Aprili
Wamemchukua Athumani wa duka la sokoni. Walikuta vitenge na sabuni. Mke wake alikimbia nyuma ya Landrova kwenye matope, kiatu kimoja mguuni. Wote tulisimama tu. Mimi pia.
Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu.

Jumatatu, 11 Aprili
Nimemfuata Mwalimu Akonaay. Nikamwambia lete ile karatasi, leo naweka sahihi, ijulikane sukari ni ya kanisa. Kwanza akafunga mlango. Akauliza, "Karatasi gani, mzee wangu?" Nikasema ya tenda. "Hakuna karatasi. Na sukari mimi siijui. Usinitaje, mzee. Nina watoto." Kisha akaniamkia shikamoo huku ananisukuma nje! Sikuitikia.
Paroko yuko Mbulu, atarudi na Askofu. Kwa hiyo hakuna mkataba. Kuna mimi na magunia.
Watu wanamwaga mali. Mtaro wa sokoni maji yanakwenda na povu, mtu kavunjavunja sabuni humo. Mama Paskalina, mke wangu, anasema na sisi tumwage. Nimekataa. Niliahidi chai. Itakuwa chai.
Kila gari likipita nakwenda chooni.

Jumatano, 13 Aprili
Nimepata njia. Ng'ombe wetu hatuwaweki zizi moja, ugonjwa ukiingia unamaliza wote. Unampa jirani huyu mmoja akae naye, yule wawili. Ukiwataka unawarudisha. Sukari nimeifanya hivyo hivyo. Nimeigawa kwa akina mama wa jumuiya, kuanzia hapa Maisaka mpaka Sigino, ndani ya vibuyu na ndoo zenye mahindi juu. Mchana kweupe. Nilitembea polepole kama mtu anayepeleka mbegu. Kila nyumba nilisema, "Nakuwekea ng'ombe wangu." Wakaelewa.
Jasho lilinitoka na mvua inanyesha.

Jumamosi, 16 Aprili
Wamekuja. Askari mmoja, mgambo wawili. Nilikuwa nashona turubai, sindano ikaniingia kidoleni.
Wamepekua kitanda, ghala, hata banda la kuku. Chumbani wakainua ngozi. Chini hakuna kitu. Ila sisimizi! Mstari mnene, kutoka ukutani mpaka pale magunia yalipolala. Askari akachuchumaa akawaangalia. Akauliza, "Mzee, hawa wamefuata nini?"
Mdomo haukufunguka. Mimi, ninayesema mpaka watu wanachoka.
Mama Paskalina akajibu toka mlangoni. "Uji wake, afande. Anamwaga kila siku. Mikono hiyo, si unaiona?" Wakaangalia mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka kweli. Mgambo mmoja akacheka, akasema, "Mama, mfunge kitambaa shingoni kama mtoto." Wakaondoka.
Nimekaa chini kwenye hao hao sisimizi.

Jumatatu, 18 Aprili
Nimezunguka kukagua. Kwa Mama Safari, pale Sigino, kibuyu kimeshuka. Watoto wake wanakunywa chai tamu asubuhi na jioni. Nikamuuliza umefanya nini, mama? Hata hakuona haya.
"Baba Paskalina, ng'ombe akilala kwangu, maziwa si yangu? Nimekunywa maziwa tu. Ng'ombe wako yuko mzima."
Ndiyo desturi, na neno la ng'ombe nilitoa mwenyewe kwa mdomo wangu. Nyumba zote nilizopita ni hivyo hivyo. Wote wamekamua.
Lakini si hilo linaloniogopesha. Mtoto wake mdogo alikuwa njiani anawaringia wenzake kwamba kwao chai ina sukari. Kwa sauti. Mbele ya watu.
Sasa natega masikio kwa kila mtoto anayepita.

Alhamisi, 21 Aprili
Mgambo wamekaa njia ya parokiani. Wanafungua vikapu. Mama mmoja wamemnyang'anya chumvi.
Mwalimu ametuma neno kwamba kamati imeamua chai itakuwa ya chumvi kulingana na hali. Imeamua! Chai ni yangu.
Lakini sukari haipiti. Nikiiacha huko, watoto watasema na akina mama watafungwa kwa ajili yangu. Nikiichukua, nafungwa mimi. Nimemwambia Mama Paskalina yote. Mara ya kwanza.
Akafikiri huku anapepeta mtama. Akasema, "Jumapili, siku ya upadrisho, kuna matoleo. Kila mama atabeba kitu kichwani kupeleka altareni. Nani atafungua kibuyu cha Mungu?" Halafu akasema, "Ila wewe ufunge mdomo. Ukijisifu hata kidogo tumekwisha."

Jumapili, 24 Aprili
Watu! Turubai nne hazikutosha. Sikula kitu.
Akina mama walikusanyika kwenye njia panda, wakaja wanaimba, vibuyu kichwani, majani na maua yamefunika midomo ya vibuyu. Mama Safari mbele. Nilikuwa kwenye moto wa wapishi, naiona njia. Mgambo mmoja akanyoosha mkono kwenye kibuyu chake. Mama Safari hakupunguza mwendo, akaimba zaidi, wote wakaimba zaidi. Mgambo akaangalia ile safu, akavua kofia. Wakapita.
Niliwafuata. Altareni Paroko alipokea kibuyu kimoja, akakipima kwa mkono. Akanitafuta kwa macho. Nikaangalia miguu yangu.
Baada ya misa vibuyu vikaletwa jikoni. Niliamuru maji yaongezwe, majani yaongezwe. Chai ikawa tamu. Si tamu sana, maziwa yalikwishanywewa, lakini kila mtu alionja sukari. Wazee wa Hanang walimaliza, wakaleta vikombe tena.
Mwalimu Akonaay akasimama akawashukuru waumini kwa moyo wao, na kamati kwa maandalizi mazuri. Watu wakapiga makofi. Jina langu halikutajwa.
Mama Paskalina alikuwa ananiangalia. Nikapiga makofi.

Jumanne, 26 Aprili
Jua leo. Nimeanika turubai uani.
Magari bado yanapita. Bado nasikiliza kila moja mpaka lipotee.
Mchana alikuja mtu wa Dareda, anaozesha binti. Alikula kwenye upadrisho, anasema hajaona shughuli kama ile, na chai ile, siku hizi! Akataka kujua ni nani aliyesimamia, ampe kazi.
Mgambo mmoja alikuwa anapita barabarani na baiskeli yake.
Nimemwambia ilikuwa kamati. Nimemwelekeza kwa Mwalimu.
Akashukuru akaenda. Nimegeuza turubai upande wa pili.