Kawa la Mwanalima

Zaituni, shoga, hasira zanipanda! Idi ya kwanza ya dada Mwanalima ukweni, na wageni wametoka Kudhaa kuja kuona kama bibi arusi ajua kupika!

Tangu alfajiri yuko jikoni. Wali na nguru chungu kimoja, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Akatandika mkeka, akauzungushia asumini na rehani, akafunika sinia kwa kawa lake jekundu. Wajua kwetu kawa ndilo limtajalo mpishi.

Mavyaa, mama mkwe wake, akaliondoa! Nimemuona kwa macho yangu! Akafunika kwa kawa la bintiye, Barke. La Barke, Zaituni!

Wageni wakala, wakalamba vidole. "Barke, mikono yako ibarikiwe!" Barke atabasamu tu. Mavyaa naye: "Mkamwana wangu? Huyo ni mtu wa kuchota maji."

Na Badi, mume wa dada, aliyepepea makaa yale asubuhi, yuko mlangoni asikia, kimya!

Mwanalima hakulia. Alileta chungu cheusi, akakitua juu ya asumini.

"Wifi, wali ni wako. Basi na ukoko ukwangue wewe."

Sasa yuko kwetu. Badi abisha hodi. Nimemwacha abishe.