Sukari ya Kuomba Radhi

Zeituni, bado siamini yaliyomkuta Khalayi wetu leo katika uwanja wa ndege wa Kisumu.

Ndege iliyomleta kutoka Nairobi iliinamisha pua yenyewe ikiwa angani. Mara mbili! Kihisi kimoja kiliidanganya kompyuta ya ndege kwamba pua imeinuka mno, nayo ikaamini. Rubani akaizima kompyuta hiyo, akairusha ndege kwa mikono yake.

Walipotua, Khalayi akamkuta mamake amekaa tayari kupanda ndege iyo hiyo, aende kliniki ya moyo Nairobi.

Khalayi, mhadhiri wa kompyuta, akamwuliza ofisa wa shirika: "Mmerekebisha nini?"

"Tumeizima na kuiwasha, madam. Sasa iko sawa."

Kuizima na kuiwasha! Mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza angeanguka mtihani kwa jibu hilo.

Ofisa akatabasamu, akaanza kugawa pakiti za sukari za kuomba radhi. Sukari, Zeituni, kwa watu wa Butali, ambako trela za miwa zimeziba kila njia!

Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Kijana wangu, kwetu sukari hupelekwa matangani. Hii umeileta mapema."

Akamrudishia, akamshika Khalayi mkono, wakatoka kutafuta basi la Nairobi.