Mshono Nisioruhusiwa Kuuona

Jumatatu, 4 Machi

Tumerudi kutoka hospitali. Binti yangu mbele, polepole, mjukuu kifuani. Mimi nyuma na beseni kichwani.

Getini alinishika mkono. Niseme amejifungua kawaida. Hataki wapangaji wajue amepasuliwa. Mtoto alitanguliza makalio, daktari akasema hakuna njia nyingine — lakini uani kwetu daktari hana kauli. Nimekubali. Mimi, ambaye marehemu mke wangu alisema nikidanganya masikio yanacheza.

Redio alikuwa bombani. Ndivyo tunavyomwita mama jirani wa chumba cha pili, kwa sababu hazimwi.

"Fundi, hongera, umekuwa babu. Amesukuma vizuri?"

Nikasema amesukuma kama askari. Kama askari! Sijui imetoka wapi. Nimejishika masikio mpaka ndani.

Jumatano, 6 Machi

Mkwe wangu yuko safarini na lori, kwa hiyo mlezi wa mzazi ni mimi, fundi viatu. Nimefua nepi na kuzianika. Redio amezianua, akazifua upya, akaanika tena. Hakusema neno. Afadhali angenisema.

Binti ameutazama uji wangu. "Baba, huu ni wa kunywa au wa kubandikia soli?" Kisha akacheka mwenyewe na kukandamiza mto tumboni, kama nesi alivyomfundisha. Sasa nimekatazwa kuchekesha. Shida ni kwamba nachekesha zaidi nisipokusudia.

Nimeuliza mshono unaendeleaje. "Unaendelea." Nikauliza wametumia uzi gani. Akanitazama tu.

Nimeshona viatu vya mtaa mzima, na mshono pekee unaoninyima usingizi siruhusiwi kuuona. Baba hamfunui binti yake. Hayo ni ya mama. Mama yake angevuta pazia na kunituma chumvi. Kila mambo ya wanawake yalipoanza nilitumwa chumvi. Ilituchukua miaka kuimaliza ile ya kuzaliwa kwa huyu binti. Na mimi kila mara nilikwenda, nikarudi nayo mbio, kana kwamba kweli inangojwa.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ndiyo siku aliyopangiwa kukaguliwa kidonda. Amegoma. Wa vidonda wana benchi lao, na wenzake wa uani wanapeleka watoto kliniki palepale. Wangemwona. Ati atakwenda wiki ijayo.

Nimebembeleza. Nimenuna. Nimefoka kidogo, mtoto akalia, nikaomba radhi kwa wote wawili.

Mwishowe nimekwenda mwenyewe. Nimekaa kwenye benchi la vidonda, mwanamume peke yangu kati ya kina mama, mpaka zamu yangu ikafika.

"Mzee, kidonda kiko wapi?"

"Kimebaki nyumbani."

Chumba kizima kilicheka, wakishika matumbo. Nesi hakucheka sana. Amesema nikiona joto, majimaji au harufu, nimlete hapohapo, hata kwa kumbeba.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimesikia harufu. Binti akasema ni gundi yangu. Nimenawa kwa sabuni, nikanawa tena kwa majivu. Gundi imetoka. Harufu imebaki.

Nikamshika paji la uso. Moto. "Twende," nikasema. Hataki. Analia, ananikumbusha ahadi yangu. "Watanicheka, Baba."

Nimetoka. Redio alikuwa bombani na wenzake, akihubiri: "Wa siku hizi wanafunguliwa kama zipu. Sisi tulisukuma." Miguu ilitaka kurudi. Nimemwita pembeni.

"Jirani, nilikudanganya. Hakusukuma."

"Najua. Askari gani huyo anatembea kwa kushika ukuta?"

"Mbona hukusema?"

"Kwa mdomo wangu huu? Nilikuwa nangoja niitwe."

Ameingia, akavuta pazia. Nikasikia binti akisema hapana, hapana. Kisha sauti ya Redio:

"Fundi, hebu katuletee chumvi."

Maneno yaleyale ya marehemu mke wangu. Hakuna aliyemfundisha. Nimekwenda. Nilipomlipa muuza duka machozi yalinitoka, akadhani amenipunja chenji, akaongeza.

Niliporudi Redio alikuwa amembeba mtoto na binti amemwegemea. "Gari," amesema. Neno moja tu.

Baadaye, hospitalini

Naandika juu ya kipande cha boksi la viatu. Mtoto yuko mapajani, amelala, hana habari.

Nesi amesema mshono umeachia upande mmoja na kuna usaha. Umeachia — hata mimi nasema hivyohivyo, juu ya viatu. Wanasafisha kwanza, daktari ndiye ataamua kama anarudi chumba cha upasuaji. Nilitaka kuuliza kuhusu uzi. Nimenyamaza. Kwa umri wangu hayo ni maendeleo.

Nyuma ya pazia binti amepiga ukelele, mara moja. Kisha Redio akaongea, chini kabisa. Sikujua ana sauti ya chini. Sijui amesema nini, ila binti amecheka kidogo, na Redio akamwambia, "Mto, mwanangu, shika mto."

Daktari ameingia.

Redio ametoa kichwa nje ya pazia. Hana mzaha usoni.

"Fundi, kalete chumvi."

Nimemwonyesha pakiti, bado iko mfukoni.

Ameitazama, akanitazama mimi.

"Kalete nyingine."