Karai la Zambarau

Jumanne, 4 Aprili 1978

Soko la Mpondwe lilifurika leo. Samaki, muhogo, vitenge vya Zaire, kahawa iliyofichwa chini ya ndizi. Na maneno! Maneno yalikuwa mengi kuliko samaki.

Wanasema ng'ambo ya daraja, upande wa Zaire, kuna ugonjwa. Mtu anahara maji meupe, maji tupu, kama yale tunayooshea mchele. Asubuhi alikuwa shambani, jioni wanamchimbia kaburi. Byaruhanga mwenye duka anasema redio ya nje imeutaja kwa jina: kipindupindu. Redio yetu inasema ni tumbo la kawaida tu, watu wamekula maembe mabichi. Byaruhanga akauliza, maembe gani hayo mwezi wa nne? Watu walicheka. Kisha kila mtu akageuka kuangalia nani mwingine amecheka.

Nimenunua samaki kwa Kabugho. Huyu ndiye ndugu yangu hapa Bwera. Nilipojifungua, mimi binti wa Maragoli, mama yangu mbali Kenya, yeye alitoka Karambi kwa miguu kuja kunikanda tumbo. Leo hakutania. Ameniambia, "Dada Marita, kule ng'ambo batu beko banazika kila siku. Na daraja iko wazi tu, kama mulango ya kanisa."

Nilimuuliza mume wangu Enoka jioni, yeye si koplo wa polisi, si wanaambiwa mambo? Amesema hawajaambiwa kitu.

Ijumaa, 7 Aprili

Basi serikali imeamka. Kizuizi darajani, polisi upande mmoja, askari jeshi upande mwingine. Katikati, juu ya meza ya shule, karai. Bwana afya ametoka Kasese na kopo la dawa — chembe ndogo nyeusi, zikiingia majini zinageuka zambarau. Kila anayevuka anachovya mikono mpaka kwenye kiwiko. Enoka ndiye mwenye karai. Sajenti Mugenyi wa jeshi anasimama nyuma yake na fimbo, anapiga kelele, "Weka mukono! Pita! Haraka!"

Foleni ilikuwa ndefu na midomo ilikuwa mirefu zaidi. Mwanamume mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini akasema wamechelewa, habari zilifika tangu Februari, wangefunga daraja siku ile ile. Mwingine akamjibu: ukifunga daraja Mkonzo atapita mtoni, ana shangazi huku na mjomba kule, nani atamzuia kwenda kuzika? Adong, jirani yangu hapa kambi ya polisi, mume wake ni konstebo, akasema watu hawana shukrani. "Serikali iko nafanya kazi. Karai si hii hapa? Nyinyi nataka nini?"

Mimi nilikuwa upande wa Adong. Naandika hapa ili nisije nikajidai baadaye. Nililitazama karai lile, rangi yake nzuri, nikapata usingizi mzuri wa mchana kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kitu kimoja hakikunipendeza. Mama mmoja alichota kwa kiganja akamnywesha mtoto. Nikapiga kelele. Enoka akasema mwache, wanafanya hivyo wengi, dawa ni dawa, ikiua ugonjwa mkononi itaua na tumboni. Wengine wanakuja na chupa kuomba ya kwenda nayo nyumbani. Anawajazia. Roho yake ni hiyo, hajui kumnyima mtu.

Jumapili, 9 Aprili

Nimefua shati la kazi la Enoka kwa kipande cha sabuni cha mwisho. Sabuni ya magendo, bei ya kuku. Dawa ile ikikauka inageuka kahawia, kama madoa ya chai kavu. Haitoki. Ana mashati mawili tu ya serikali, sasa moja lina mikono ya mpishi.

Baada ya ibada mabishano yaliendelea pale pale uani. Mwalimu mmoja alisema neno ambalo limenikaa. Alisema tusibishane juu ya daraja. Wangetuambia jina la ugonjwa tangu Februari, kila mama angechemsha maji. Kuchemsha maji ni kuni tu. Waliogopa nini? Mwingine akanong'ona: waliogopa kahawa yetu isinunuliwe nje. Mwalimu akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 12 Aprili

Ugonjwa umevuka. Mzee mmoja wa Karambi, baba mkubwa wa mume wa Kabugho, amekufa jana. Alihara usiku mmoja tu.

Leo asubuhi polisi wamesomewa amri kwenye gwaride. Atakayelitamka jina la ugonjwa ule anatia watu hofu, na anayetia watu hofu ni adui. Kwenye karatasi zote waandike "tumbo". Enoka ameingia nyumbani hajavua hata viatu. "Marita, hiyo neno usitamke hapa kambini. Hata kwa mchezo. Hata na Adong."

Nikamwambia mimi sina mchezo na kifo. Nimeanza kuchemsha maji. Nachemsha kwa siri, nyuma ya nyumba, kama mtu anayepika pombe haramu. Mambo ya ajabu haya. Naogopa.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimelijua leo, na laiti nisingelijua.

Nilikuwa nafua shati. Madoa mapya kwenye mikono, lakini hayakuwa ya kahawia. Yalibaki zambarau, makavu kabisa. Nikasugua kwa majivu maana sabuni hakuna. Maji yakatoka bluu. Nikasugua tena, yakatoka na wekundu. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba kule mgodini baba alikofanya kazi, nimejimwagia wino mara nyingi. Nilinusa. Wino.

Nilimngoja Enoka ale kwanza. Kisha nikaweka shati mezani, mbele yake. Hakukasirika. Ndipo nilipojua ni kweli, maana angekuwa hana hatia angeruka juu.

Aliniambia dawa iliisha Jumanne. Waliomba Kasese. Kasese ikajibu dawa haipo, ila kuna mkubwa anakuja kutazama jinsi Bwera ilivyouzuia ugonjwa mapema, kwa hiyo karai lisikosekane. Mugenyi akatuma mtu shuleni, akarudi na chupa za wino, wa bluu na mwekundu. Maji wanachota hapo hapo mtoni, chini ya wanapofulia.

"Watu naona rangi, natulia," Enoka alisema. "Hata wewe ulitulia."

Nikamuuliza, na ugonjwa nao unaona rangi? Mikono ya soko zima kwenye karai moja, maji ya mto, na mtoto ananyweshwa! Akaniambia nipunguze sauti. Akaniambia nimtazame Aryemo. Aryemo anakaa nyumba ya mwisho kwenye mstari wetu. Mwaka jana mume wake alibishana na afande mmoja juu ya jambo dogo, wakamchukua na Landrova, mpaka leo Aryemo anampakulia chakula. "Unataka kupakulia mimi namna hiyo?" Enoka alisema.

Nampenda mtu huyu. Namchukia leo.

Jumatatu, 17 Aprili

Kabugho amepita hapa akitoka darajani. Amebeba chupa ya lita, imejaa, imezibwa kwa kigunzi cha mahindi. Zambarau. Amemwachia Enoka samaki wawili wa shukrani.

Wako kwenye matanga ya yule mzee. Ndugu wametoka pande zote, na wa ng'ambo wamepita mtoni kama walivyozoea. Wanalala pale, wanakula pamoja, na kabla ya kula wote wananawa kwenye beseni moja. Ndiyo desturi, na hata kwetu ni hivyo. Kabugho anatia dawa ya serikali kwenye beseni. "Bwana yako iko mutu muzuri, dada. Batu bote bananawa, banakula bila woga. Na batoto, na mama yangu muzee, nabapa kijiko moja moja ya kunywa."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Uji ulikuwa unaungua. Enoka alikuwa chumbani, alisikia kila neno, hakutoka.

Nilimuuliza Kabugho kama watoto wake hawajambo. Akasema hawajambo. Nikamshika mkono, akaenda zake. Ndivyo nilivyofanya. Mtu aliyenikanda tumbo.

Jumanne, 18 Aprili

Sikwenda sokoni. Samaki wale sikuwapika, nimewatupa chooni.

Alhamisi, 20 Aprili

Nilishindwa. Alfajiri nilichukua sukari yote ya mgao wa polisi na chumvi nikavifungia kwenye khanga, nikashika njia ya Karambi. Sista wa zahanati ya misheni aliniambia jana, akitazama ukuta huku anasema: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari, mgonjwa anywe bila kuacha. Jina la ugonjwa na yeye hakulitaja.

Nilimkuta Kabugho uani. Beseni lilikuwa pale karibu na moto, na rangi yake ile. Ndani, mama yake alikuwa amelala juu ya majani ya migomba, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Tangu jana.

Nikamwambia yote. Sikukaa chini, nilisema nimesimama. Wino, maji ya mto, tangu Jumanne ile. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi.

Akauliza, "Bwana yako alijua wakati alinijazia chupa?"

Nikasema alijua.

"Na weye?"

Nikasema nilijua siku ile alipopita.

Alilibeba beseni akalimwaga kwenye mgomba, polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha akasema kama anayejisemea, "Asubui kijiko, jioni kijiko. Alikuwa anakataa, anasema iko muchungu. Nikamulazimisha." Basi. Tukachemsha maji, tukatia chumvi na sukari, tukamnywesha mama kwa zamu mpaka jua lilipopinda. Alikunywa. Yakatoka. Akanywa tena.

Nilipoondoka Kabugho alinisindikiza hadi njiani, desturi hakuivunja. Akasema Jumamosi kuna baraza Bwera, mkubwa anakuja. "Nitasimama. Nitauliza dawa ilikwisha lini. Batasema mimi mwanamuke wa samaki, sijui kitu. Weye utasema?"

Nimerudi sijamjibu.

Ijumaa, 21 Aprili

Kwa Byaruhanga leo hapakuwa na habari nyingine, ni baraza tu. Mmoja anasema mkubwa anakuja kutoa shukrani, Bwera ilifanya mapema kuliko wote. Mwingine akauliza, mapema kuliko nani? Hapo Byaruhanga akaanza kupanga viberiti vyake upya, akasema hapa ni dukani. Nimeona anauza shuka nyeupe siku hizi, za sanda. Zamani hakuwa nazo.

Adong amekuja kuniambia habari njema: Enoka atasimama mbele kabisa, ameshika karai, mkubwa atanawa watu wote wakiona. Labda atapewa cheo. Nikasema labda.

Enoka amejua nilikwenda Karambi. Mgao wa sukari hauwezi kujificha. Aliuliza swali moja tu: "Mama yake je?" Nikamwambia nilivyomwacha. Akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia, akachukua mchanga akaanza kusugua vidole. Alisugua muda mrefu. Kucha bado ni zambarau.

Nikamwambia Kabugho atasimama kesho. Nikamwambia na mimi nataka kusimama. Hakugeuka. Alisema, "Wewe ni bibi ya polisi. Wakiuliza wewe umejua wapi, utasema nini?"

Hilo ndilo. Nikifungua mdomo nimemtia mume wangu kwenye Landrova. Nikiufunga, Kabugho atasimama peke yake, mwanamke wa samaki mbele ya mafimbo, na kesho kutwa watu watachovya tena na kunywesha watoto. Nimeomba. Sijajibiwa.

Jumamosi, 22 Aprili

Naandika haraka, baraza ni saa nne.

Adong amepita mbio. Anasema Kabugho alifika kwa Byaruhanga duka lilipofunguliwa tu. Amenunua shuka nyeupe ya mama yake. Ameikunja ameiweka kwapani, amekwenda nayo uwanjani, amekaa mstari wa mbele.

Mugenyi ametuma konstebo nyumba kwa nyumba: leo kila mtu sare safi, shati lenye doa libaki nyumbani, atakayekuja na doa atajibu mbele yake. Enoka alikuwa anaoga. Mashati yote mawili yalikuwa kwenye kamba. Lile la zamani, madoa ya dawa, ukiikunja mikono hayaonekani sana. Na lile la wino, zambarau mpaka kwenye kiwiko, hata kipofu ataliona, na mwenye macho atajua si dawa.

Nimetia makaa kwenye pasi. Sijui nilifikiri nini. Nimepiga pasi shati la wino, kola, mgongo, mikono yote miwili, nikalitandika kitandani. Lile jingine nimeliloweka kwenye ndoo.

Ameingia. Amelitazama shati. Amechungulia nje akaiona ndoo. Nilikuwa nimeshika pasi bado, moto unanichoma mguu kwa karibu, sikuiweka chini. Nilikuwa tayari kwa neno lolote.

Amelivaa. Amefunga vifungo, amefunga na vya mikononi, akaivuta mikono ya shati hadi chini kabisa ili yote ionekane. Sasa amesimama mlangoni na kofia yake. Ananiuliza kama nitachelewa, na ananiambia nivae viatu vya kutembelea mbali, huenda baada ya baraza tusirudi hapa.