Nilimwelekeza Mwanyumba Wangu Bondeni Nikijua Gari Lake Litazama

Bi. Theresia, nakuandikia gazetini kwako, naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mke wangu wala shehe wangu, na siku hizi kila nikishika randa naiweka chini tena.

Mimi ni seremala hapa Mikindani, nina miaka thelathini na minane, nina mke mmoja, Rehema, na watoto watatu, sasa wanne kama utakavyosoma. Mdogo wake Rehema anaitwa Sharifa na ameolewa na Omari, kwa hiyo mimi na Omari ni wanyumba, na tulianza maisha pamoja, yeye fundi mwashi na mimi nikimtengenezea fremu za milango, tukila muhogo katika sahani moja. Leo Omari ni mkandarasi, anajenga madarasa na nyumba za wafanyakazi wa bandari kule Mtwara, na mimi bado namtengenezea fremu za milango.

Mwaka jana, baada ya mfungo, Omari alishusha gari jipya melini. Si pikapu, si gari dogo la karani, ni gari refu la familia, lina milango miwili kila upande na mlango mpana nyuma, mbele wanakaa watu watatu, katikati watatu, na nyuma kuna mabenchi mawili yanayotazamana ambayo ukitaka kupakia mzigo unayakunja yanasimama ubavuni. Paa lake ni la bati mbili, moja juu ya jingine, ili jua lisiwachome waliomo, tairi la akiba limelala juu ya boneti, na kuna gia fupi ya pembeni ya kuyatia nguvu magurudumu yote manne. Nayajua haya kuliko mwenye gari, kwa sababu Ijumaa moja Omari alipoingia msikitini mimi nilichelewa makusudi, nikatoa futi yangu ya kukunja nikalipima gari lile ndani na nje kama mtu anayepima jeneza, huku nikiomba nikute kasoro.

Na kasoro nilizikuta, nikazipeleka barazani kwenye kahawa. Nikasema kikanyagio kiko juu mno, bibi mzee hapandi bila kusukumwa. Nikasema benchi za nyuma nyembamba, magoti yanagongana, springi ngumu, vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma, na mafuta linakunywa kama ngamia. Nikasema, "Lile si gari la familia, ni lori lililonyolewa ndevu." Watu wakacheka sana, nami nikalala vizuri siku hiyo moja tu, kwa sababu kesho yake Omari alikuja kuwachukua wanangu kuwapeleka shule pamoja na wake, mvua ikinyesha, na nikamsikia binti yangu Zuhura akimwambia mwenzake barabarani, "Gari letu limekuja." Letu! Tangu siku ile, Bi. Theresia, nikisikia mlio wa gari lile kifua kinawaka. Na lililonichoma zaidi ni kwamba Omari hakujivuna hata siku moja, akinikuta njiani anasimama, ananifungulia mlango wa mbele, ananiuliza, "Mwanyumba, fundi wangu, unakwenda wapi nikufikishe?"

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike aliolewa kwetu Msimbati. Rehema alikuwa na mimba ya miezi minane, nikataka abaki, lakini Omari akasema twende sote, gari lipo, shemeji atakaa katikati kwenye mto. Basi tukaenda, na njia ya kuingilia nilimwonyesha mimi mwenyewe, ile ya juu inayozunguka kwenye mikorosho, na tukafika salama. Bi. Theresia, tulipofika kijijini kwetu watu hawakunitazama mimi. Walilizunguka gari, wakaligusa, wakahesabu viti, bibi zangu wakapakiwa na kuzungushwa, na mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni, akamshika Omari kichwa akamwombea dua, akamwita mwanangu, akampa kile kiti cha kamba alichokuwa anakalia marehemu baba. Mimi nikakaa mkekani. Kisha mama akanigeukia, tena kwa upole tu, "Na wewe Salumu, mkono wako mzuri hivyo, lako utaleta lini?"

Siku ya pili baada ya adhuhuri tukaanza kurudi. Kutoka kijijini njia inagawanyika kuwa mbili, moja ni ile ya juu, nyingine inakata bondeni nyuma ya mikoko, na hiyo ya bondeni ni fupi na tambarare lakini siku za bamvua maji ya bahari hupenya chini na tope lake halina mwisho. Siku hizo zilikuwa za bamvua, na mimi nilijua, hakuna mtoto wa Msimbati asiyejua.

Omari akasimamisha gari. "Mwanyumba, turudi kule juu tulikojia?"

Nikasema, "Hapana, kule mizizi mingi, Rehema atatikisika bure. Pita bondeni, pamekauka."

"Una hakika? Mimi naona panang'aa."

"Omari, hapa ndipo nilipozaliwa."

Akaniamini, akapita. Sikutaka mtu aumie, naapa, nilitaka lizame magurudumu tu, watu waje na kamba, habari ifike kwa mama kwamba lile gari la dua limeshindwa na tope. Lilikwenda kama hatua sitini, pua ikainama, magurudumu yakazunguka bure, kisha likakaa. Na moyo wangu ulifurahi. Naliandika neno hilo kwa haya, lakini ulifurahi, kwa muda wa kama pumzi tatu, halafu nikamsikia Rehema akisema, "Sharifa, nishike."

Uchungu ulikuwa umemwanza.

Tukashuka mimi na Omari tukachimba kwa mikono na sufuria la harusi, na kila tulipotoa tope maji yaliingia, na bahari ilikuwa bado inajaa. Omari akapiga honi mpaka akatokea mama mmoja kutoka shamba la muhogo la ukingoni, anaitwa Ermelinda, ni katika wale waliovuka Ruvuma kukimbia vita. Akachungulia ndani, akauliza, "Nani mwenye mke?"

"Mimi."

"Basi kaa mbali na mlango. Na acheni kuchimba. Gari likitikisika nitamdakaje mtoto?"

Kwa hiyo ikabidi tusimame tu, maji yakipanda, bila kufanya lolote. Wanawake wakayakunja yale mabenchi niliyoyacheka, wakatandika mikeka, Rehema akanyooka kwa urefu wake wote ndani ya gari na bado Ermelinda na Sharifa wakapata mahali pa kupiga magoti. Watoto tuliwabeba wakakae ukingoni. Mimi na Omari tulisimama nje, maji yakitufika magotini, tukisikia na hatuoni. Omari alikuwa anasoma Yasini kwa sauti ndogo, akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, mwanyumba. Niliona panang'aa, na niliyeshika usukani ni mimi." Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikaendelea kuyatazama maji.

Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo kama sungura, akakawia kulia mpaka nikadhani nimemuua, kisha akalia. Jamaa zake Ermelinda wakaja na kamba na fito za mikoko, maji yakaanza kushuka, Omari akatia ile gia fupi na gari likanguruma, likajivuta, likatoka lenyewe kabla ya kamba kukaza. Tukafika hospitali Mtwara kabla ya magharibi. Mama na mtoto wako salama, ingawa mtoto alilazwa siku tisa.

Sasa ndipo penye tabu yangu. Wakwe zetu walimkalisha Omari barazani wakamsema kama mtoto, kwamba anaendesha kwa kiburi, kwamba nusura amuue binti yao, naye akainamisha kichwa akasema kweli, kosa ni langu. Mimi nilikuwepo, nikanywa chai. Sharifa hataki tena kupanda. Kuna bwana mmoja wa Lindi analitaka gari, na juzi Omari alinijia karakana akasema, "Mimi moyo umeshavunjika, siwezi kuamua. Wewe fundi, jicho lako halidanganyi. Lipime gari hili toka mwanzo, uniambie kama linafaa kubeba familia au halifai. Ukisema halifai, mtoto akitimiza siku arobaini naliuza."

Bi. Theresia, nikisema halifai litaondoka, sitalisikia tena, nitapumua. Nikisema linafaa atauliza mbona lilizama. Na mama ameniletea salamu kutoka Msimbati kwa mchukuzi wa samaki, maneno machache tu, "Mwulizeni Salumu, ilikuwaje akapita bondeni siku za bamvua?" Rehema alikuwepo salamu zilipofika. Tangu hapo ananitazama tu. Nifanye nini?

Salumu, Mikindani

JIBU

Salumu, hongera ya mtoto. Nimeitanguliza kwa sababu yeye hana kosa, na kwa sababu baada ya hapa huna hongera nyingine kwangu.

Unaniuliza kuhusu gari, basi tulimalize la gari, maana ni jepesi. Umelipima wewe mwenyewe na majibu umeniandikia bila kujua. Kikanyagio kiko juu, kweli, na springi ni ngumu na vumbi linaingia. Lakini limebeba watoto wa nyumba mbili mvuani, limebeba bibi zako, lina nafasi ya mwanamke kujifungua akiwa amenyooka na wakunga wawili pembeni, na limetoka katika tope ambalo halikupaswa kutiwa. Gari hilo linafaa. Unalijua hilo tangu Ijumaa ile uliyokosa hutuba ukiwa na futi mkononi. Ulitafuta kasoro kwa sababu ulishaona uzuri.

Sasa tuje kwako. Wivu mimi siushangai, kila wiki unaniletea barua. Mtu uliyekula naye sahani moja akipanda juu nawe ukabaki na randa yako, inauma, na mama yako alipompa kiti cha baba yako iliuma zaidi, na nilipofika hapo nilikuhurumia. Ungekwenda nyuma ya nyumba ukalia ningekutetea. Lakini wewe ulimtumia mkeo mwenye mimba kuwa kisingizio, "Rehema atatikisika," ukawaingiza yeye na wanao na wa mwenzako ndani ya tope ili mtu mmoja aaibike. Usiniambie hukutaka mtu aumie. Hukutaka kufikiri kama mtu ataumia.

Na hilo la bondeni lilikuwa dakika moja ya ubaya. Lililofuata ni baya kuliko hilo, kwa sababu umelirudia kila siku. Mwenzako alikuomba msamaha akiwa amesimama majini, ukamwacha aombe. Wakwe wakamsema, ukanywa chai. Sasa unataka umalizie kwa kumfanya auze gari lake kwa neno lako, na wewe upumue. Hutapumua, Salumu. Gari likienda Lindi utaanza kuionea wivu nyumba yake, kisha mwendo wake.

Fanya hivi. Anza na Rehema, leo hii, kabla gazeti hili halijasomwa barazani. Yeye ndiye aliyelala ndani ya lile gari, na tayari anajua, anakusubiri tu uwe mwanamume wa kumwambia. Mwambie yote pamoja na zile pumzi tatu za furaha. Akinyamaza, usimbembeleze aseme. Akitaka kwenda kwao mpaka arobaini ipite, mfungie mizigo yake vizuri.

Halafu kwa Omari, wewe na yeye peke yenu. Mwambie, "Nilijua tope liko, nikakuelekeza makusudi, kwa wivu." Ishia hapo. Usitie "lakini," usitaje kiti cha baba wala dua ya mama, hayo ni maumivu yako na yeye hakuyatafuta. Akikupiga kofi, pokea. Akikunyang'anya kazi ya fremu, ni haki yake, tafuta kazi kwingine. Jibu lake kuhusu gari umpe siku hiyo hiyo: linafaa, na liliponzwa na mwelekezaji. Auze asiuze ni juu yake, ila aamue akijua ukweli.

Kisha mwombe ruhusa uende mwenyewe kwa wakwe zenu. Mlikaa barazani mkasikiliza Omari akisemwa, basi mkae hapo hapo akisafishwa, na mdomo utakaomsafisha uwe wako. Mama yako naye anahitaji jibu, na asilipate kwa mchukuzi wa samaki. Yule Ermelinda je, umewahi kurudi kumshukuru? Barua yako nzima haisemi.

Je, Omari atakusamehe? Sijui, na usiende kwa ajili ya hilo. Huenda mkawa wanyumba wa kusalimiana harusini tu mpaka mzeeke. Lakini binti yako mchanga atakua, siku moja atauliza alizaliwaje, na watu wa Msimbati watamweleza. Heri awe ameshasikia kwako.

Umeniandikia barua ndefu, Salumu, na kila neno lililomo ni la Omari na Rehema, si langu. Weka kalamu, nenda nyumbani, mkeo yuko macho.